Rula Anatafuta Kufuli la Mtandao

Mwenye shida asiyetaka ushauri hapiti mbele ya kibanda cha kinyozi saa za alasiri. Nje yake pana benchi refu la mbao, mguu mmoja umeongezewa kipande cha tofali, na wanaolikalia ni wale wale. Yupo Waziri, kinyozi mwenyewe, aliyepewa jina hilo kwa kuwa hakuna wizara ambayo hajaipanga upya akiwa na mashine ya kunyolea mkononi. Yupo Chaji, fundi simu wa dirisha la jirani, ambaye bisibisi yake hukaa juu ya sikio pale wenzake wanapoweka kalamu. Yupo Hukumu, tarishi mstaafu wa mahakama, aliyebeba mafaili ya mahakimu miaka na miaka mpaka yakamwambukiza, sasa anatoa hukumu mwenyewe. Methali anazo za kila jambo, ila methali zake na jambo lenyewe mara nyingi havijuani. Kahawa ni ya Mama Birika, mwanamke wa maneno machache, anayekaa kwenye kigoda karibu na mlango na kumimina kabla hujaomba. Hapo ndipo alipofika Rula siku ile, akiwa na swali.

Rula ni mchora ramani za majengo. Jina alipewa kwa ajili ya kazi, likamganda kwa ajili ya umbo: mrefu, mwembamba, amenyooka hata akiwa amechoka. Kwa kawaida huja, hukaa pembeni, hunywa kahawa yake, hucheka ya wenzake, kisha huenda zake. Siku ile aliuliza kabla ya kukaa.

— Chaji, hivi kuna kitu mtu anaweza kuweka kwenye kompyuta kikamzuia asifungue tovuti fulani?

— Vipo tele, alisema Chaji. Unaandika jina la tovuti, basi, haifunguki tena. Unamzuia nani, wale pacha?

— Pacha hata kusoma hawajajua. Namzuia baba yao.

Benchi zima liligeuka. Hukumu akasogea kumpisha, taratibu, kama mtu anavyompisha mfiwa.

Rula akaeleza. Alikuwa na kazi ya bweni la shule, jengo la ghorofa moja, na mkandarasi alikwisha kuchimba msingi. Ilibaki michoro ya ngazi. Kila asubuhi anawasha kompyuta achore ngazi, na kila asubuhi kidole kinakwenda kwanza mtandaoni, mara moja tu, kusoma kitu kidogo tu. Akija kuinua kichwa, jua limeshahama dirisha, chai imeota ngozi, na ngazi haijapanda hata kidato kimoja.

— Mafundi wamekalia ndoo wananisubiri mimi, alisema. Mkandarasi amenipa mpaka mwisho wa wiki ijayo. Baada ya hapo kazi anampa mtu mwingine.

— Mpira huo, alisema Waziri kwa huruma.

— Si mpira.

— Basi siasa. Usione haya, mzee wangu. Mimi kuna tovuti ya magari ya mitumba siwezi kulala bila kuipitia. Rangi nimeshachagua, na hata leseni sina.

Rula akacheka kidogo, akawaacha wadhani wanachotaka kudhani.

— Jambo hili ni la kisheria, alisema Hukumu, akiweka kikombe chini. Unachokitafuta, mwanangu, ni hati ya zuio. Mlalamikaji ni wewe, mlalamikiwa ni tovuti.

— Na hiyo hati tovuti itapelekewa wapi, mzee?

— Chaji, mimi nimewapelekea watu hati wakiwa wamejifungia chooni, sembuse tovuti. Wahenga walisema, haraka haraka haina baraka. Kwa hiyo kwanza apunguze kasi ya mtandao.

Chaji akatikisa kichwa. Kwa mambo ya vyuma na waya hakupenda utani.

— Sikiliza, Rula. Makufuli yapo ya namna namna. Kuna linalokaa ndani ya kivinjari: unaandika tovuti zako, unapanga saa, linakufungia wakati wa kazi tu. Jepesi hilo, ila likikuudhi unaliondoa mwenyewe. Kuna linalofunga mtandao wote, hata barua pepe haziingii. Na kuna lenye neno la siri. Neno analishika mtu mwingine, wewe huna ujanja. Halafu kuna la kwenye simu, la mti. Ukiiacha simu bila kuigusa, mti unaota. Ukiigusa, unakauka.

— Mti unakauka kweli? aliuliza Mama Birika.

— Picha ya mti, mama.

— Haya, alisema Mama Birika, akaendelea kupepea mkaa.

— Mnahangaika bure, alisema Waziri. Alete kompyuta hapa kwangu. Ninamnyoa upande mmoja wa kichwa, ule mwingine ninauacha mpaka ngazi iishe. Mtu mwenye nusu kichwa hana hamu ya kutembeatembea, iwe njiani au mtandaoni. Na nywele zenyewe hebu zitazameni, zimekuwa msitu. Njoo kitini nikupunguze hata kando.

Akanyoosha mkono. Rula akainama upesi, kama aliyedondosha kitu.

— Siku nyingine, Waziri.

— Siku nyingine umeanza kuisema tangu mwezi uliopita.

Hukumu hakutaka mada ipotee. — Nauliza swali moja. Hiyo kompyuta inaweza kuficha alichokisoma mtu?

— Inaweza, alisema Chaji. Kuna dirisha la siri. Ukilifunga, halikumbuki ulipita wapi.

— Naam. Mficha maradhi, kilio humuumbua.

Mzee alikuwa anaisema kompyuta. Waziri akacheka, Chaji akashika kichwa. Lakini Rula maneno yale yalimwingia kama maji ya baridi mgongoni. Akamaliza kahawa kwa mkupuo mmoja, akaaga.

Maana tovuti alizokuwa akizifungua hazikuwa za mpira wala za magari. Asubuhi moja, akifunga kifungo cha juu cha shati, kidole chake kiligonga kitu chini ya taya, upande wa kushoto. Kinundu, kama punje ya harage. Hakikuuma. Akaingia mtandaoni kuuliza, akasoma mahali fulani kwamba visivyouma ndivyo vya kuogopwa. Ukurasa mmoja ulimwambia si kitu, wa pili ukamwambia ni kila kitu, na kila ukurasa ulikuwa na mlango wa kuingilia mwingine. Baba yake mdogo, aliyemlea na kumfundisha kushika penseli, alianza na uvimbe wa shingoni hivyo hivyo. Rula ndiye aliyekuwa akimshika mkono kumpeleka uani kuota jua, mpaka siku ambayo hawakutoka tena.

Kwa hiyo alisoma. Hakumwambia mkewe, Mama Pacha. Hospitali hakwenda. Aliona kwamba maadamu daktari hajakitaja kitu kile, bado hakina jina, na kisicho na jina huenda kikaondoka. Kwa kinyozi ndiyo kabisa asingekaa. Mikono ya kinyozi hupita kila mahali. Alichotaka ni kitu kimoja tu, kitu cha kumzuia kusoma, angalau amalize ngazi kabla mengine hayajaja.

Siku zilizofuata Rula alijaribu makufuli kama mtu anavyojaribu viatu vya kuazima. La kivinjari lilimwonyesha maandishi makubwa, RUDI KAZINI, akaliondoa kabla hata hajamaliza kuyasoma. Akalirudisha kwa aibu, kisha akapitia kivinjari kingine. Lile la kufunga mtandao wote lilimsaidia kweli. Alichora vidato kadhaa kwa raha, mpaka mkandarasi akapiga simu kwamba ametuma vipimo vipya kwa barua pepe. Akalifungua apokee vipimo. Vipimo vikapokewa, na jioni ikamkuta amesoma habari za tezi mpaka macho yanawasha. La mti alilipanda, likakauka. Akalipanda tena, likakauka tena, hadi akaona simu yake imekuwa jangwa.

Ndipo akamwendea Chaji aweke lile la neno la siri. Chaji akaweka, neno akalishika mwenyewe. Haikupita muda Rula akasimama dirishani kwake: kuna kanuni ya kimo cha kidato anataka kuithibitisha, amfungulie dakika moja. Chaji akamfungulia. Kesho yake akaja na sababu ya reli ya ngazi. Mara ya tatu Chaji akafunga dirisha lake, akamshika mkono, akampeleka benchini.

— Mshitakiwa huyu hapa, alisema Chaji. Anaomba ufunguo wa kufuli aliloniomba nimfungie.

Siku hiyo kibandani kulikuwa na fujo kidogo. Kioo kikubwa cha Waziri kilikuwa kimepasuka, na fundi vioo, mtu asiyejulikana mtaani, alikuwa ameleta kipya. Alikiegemeza ukutani upande wa pili wa kijia, kikilitazama benchi, wakati gundi ya kwenye fremu ikisubiriwa kushika. Mama Birika akamkaribisha kikombe. Akakaa mwisho wa benchi, magoti pamoja, kama mgeni wa heshima.

— Rula, mdogo wangu, alianza Waziri, hapa tuongee kiume. Ni mwanamke.

— Mwanamke gani?

— Wa mtandaoni. Yuko nchi za mbali, amekuahidi makubwa. Nimeona mengi. Dawa yake ni kuitia kompyuta kwenye ule msingi mliochimba, wamwage zege.

— Na ngazi atachora kwa nini, kwa ulimi? aliuliza Chaji. Mimi nasema tatizo ni waya. Nguzo ya mtandao ya mtaa huu naijua. Nikichomoa kitu kimoja tu pale juu, mtaa mzima unakaa bila mtandao mpaka ngazi iishe. Wote tutafaidika. Hata Waziri atasahau magari.

— Usinihusishe.

— Mahakama inaona hivi, alisema Hukumu, akinyoosha kiganja. Tuweke zamu. Asubuhi ninakaa naye mimi, mchana Waziri, jioni Chaji. Akinyoosha kidole kwenda mtandaoni, kidole kinapigwa. Kidole kimoja hakivunji chawa, sasa kikipigwa si ndiyo kabisa kitatulia.

Wakati wanabishana nani ana mkono mzito, Mama Birika aliinama kumwongezea Rula kahawa, akasema polepole, asisikike na wengine:

— Mkeo alipita hapa jana.

— Alisemaje?

— Aliuliza kama kuna mtu unakunywa naye kahawa. Nikamwambia wapo watatu, wote wana ndevu. Hakucheka.

Masikio ya Rula yakapata moto. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akifunika kompyuta kila Mama Pacha anapoingia sebuleni, na jinsi mkewe siku hizi alivyokuwa anakohoa kwanza kabla ya kuingia, kama mtu anayekwenda nyumba ya watu.

Fundi vioo naye alikuwa akiwafuata kwa macho, mmoja baada ya mwingine. Walipotulia kuvuta pumzi, akainua mkono kidogo.

— Samahani wenyeji. Mimi mpita njia tu. Huyu ndugu anataka kujizuia tovuti gani?

Waziri akafungua mdomo, akakuta hauna kitu. Akamtazama Chaji.

— Majina aliandika mwenyewe, alisema Chaji. Mimi nilitazama pembeni. Mambo ya mtu ni mambo ya mtu.

Wakamtazama Hukumu. Hukumu akakuna kidevu, akatafuta methali, na kwa mara ya kwanza tangu astaafu, haikupatikana hata ya kulazimisha.

Rula aliinua macho, akakutana na kile kioo kipya. Akajiona ameketi kati yao, nywele zimemfunika masikio, na mkono wake wa kushoto uko ndani ya ukosi wa shati, vidole vimebana chini ya taya. Hakujua kwamba mkono uko huko. Na kwenye kioo kile kile aliwaona wenzake wote watatu, na Mama Birika nyuma yao, wanautazama mkono huo huo.

— Ni za magonjwa, alisema.

— Ya nani? aliuliza Mama Birika.

— Yangu. Nina kitu hapa.

Akafungua kifungo, akainua kidevu. Waziri akafuta mikono kwenye aproni, akaja, akapitisha kidole pale taratibu. Wengine wakasubiri wizara ya afya iseme. Waziri akarudi nyuma.

— Sijui, alisema. Mimi ninanyoa. Ndiyo maana hukutaka kukaa kitini?

— Ndiyo maana.

— Na daktari alisemaje? aliuliza Chaji.

— Sijaenda.

— Sasa hizo tovuti ulikuwa unataka zikwambie nini?

— Kwamba si kitu, alisema Rula. Nilikuwa nangoja ile itakayosema si kitu nami nikaiamini.

Fundi vioo, akiwa ameshikwa na haya kwa swali lake, alinyanyuka kwenda kutazama gundi ambayo haikuwa na haja ya kutazamwa. Hukumu akamwekea Rula mkono begani. Na Rula, katikati ya hofu yake, akahisi jambo la ajabu: mabega yamemshuka. Mzigo ulikuwepo bado, lakini sasa ulikuwa umewekwa benchini, na watu wanne walikuwa wameshautazama na hakuna aliyekimbia.

— Hospitali ni kesho asubuhi, alisema Mama Birika. Ila kabla ya daktari kuna mwenye haki ya kusikia. Nyanyuka, uende nyumbani.

Mama Pacha alikuwa anakunja nguo za watoto mezani. Rula alisimama mlangoni, akamwambia yote kwa pumzi moja: kinundu, tovuti, baba mdogo, ngazi. Alipomaliza, mkewe alikuwa bado ameshika soksi moja isiyo na mwenzake.

— Nilidhani ni mwanamke, alisema.

— Si mwanamke.

— Nilishapanga hata maneno ya kumwambia.

— Ingekuwa afadhali?

Mama Pacha akafikiri kweli kweli. — Sijui. Tumsubiri daktari, nitakujibu.

Kisha akaweka soksi chini, akaja, akamshika taya kwa mikono miwili, akakitafuta kile kitu kwa vidole mpaka akakipata. Akaacha kidole pale muda mrefu.

— Baba Pacha, alisema, umekaa na hiki peke yako, na mimi niko chumba cha pili.

Walimaliza kukunja nguo pamoja.

Asubuhi wakapanga foleni. Daktari alikuwa dada mwenye sauti tulivu, nywele amezibana nyuma kwa kalamu. Akauliza kama kinauma.

— Hapana.

— Kinakua?

— Kila nikikigusa nakiona kimekua.

— Unakigusa mara nyingi?

— Mchana kutwa, alijibu Mama Pacha.

Wakapelekwa chumba cha kipimo cha picha, kile kile kinachotumika kwa wajawazito. Mara ya mwisho waliyoingia chumba kama hicho, Mama Pacha ndiye aliyelala kitandani na Rula ndiye aliyesimama, na mashine ikawaambia mioyo ni miwili. Sasa Rula alilala yeye. Ute wa baridi ukapakwa shingoni. Alifumba macho, akamsikia mkewe anapumua karibu na sikio lake, na akaona kwamba hajui tena kusali kwa mpangilio, maneno yanakuja kama yalivyo.

Daktari akapitisha kile kifaa huku na huku. Akasimama. Akarudia. Kisha akachukua tishu, akaanza kumfuta.

— Ni mafuta, alisema.

— Mafuta?

— Mafuta yamejikusanya mahali pamoja chini ya ngozi. Watu wengi wanayo, wengine hata hawajui. Si saratani. Kikikukera tutakitoa, kisipokukera kiache. Ukiona kimekuwa kigumu au kinakua upesi, njoo. Usisome, njoo.

Mama Pacha alimtazama mumewe kuanzia unyayo hadi utosi, mbavu zote zinahesabika kwenye fulana.

— Daktari, alisema, yaani katika mwili wote huu, mafuta yamepata hapo tu?

Daktari alicheka mpaka akashika meza. Rula alitaka kucheka, kikatoka kitu kingine, akageukia ukutani.

Nje, Rula akaketi kwenye ukuta mfupi wa bustani, Mama Pacha akanunua mayai ya kuchemsha, naye akala moja, akala la pili, akaomba na la mkewe. Hakukumbuka chakula kilipata kuwa na ladha lini.

— Sasa nitakujibu, alisema Mama Pacha, akipukuta maganda. Afadhali mafuta.

Alasiri habari zilipofika benchini, Waziri alizima mashine na kumwacha mteja kitini na shuka shingoni. Chaji alimpiga Rula begani mpaka kahawa ikamwagika, na Mama Birika akajaza kikombe kingine, akageuka upesi kuchochea mkaa uliokuwa unawaka vizuri tu.

— Nilijua, alisema Hukumu, huku anapangusa macho kwa kofia. Nyumba njema si mlango.

— Mzee, leo umepatia, alisema Chaji. Lazima madaktari wachungulie ndani.

— Mimi nilikuwa nazungumzia bweni.

Waziri akarudi kwa mteja, akaendelea kuongea kupitia mlangoni. — Basi kazi imeisha. Kufuli la nini tena?

Rula akatazama ndani ya kikombe.

— Ninalihitaji bado, alisema. Tulivyorudi tu kutoka hospitali, nikiwa na majibu mkononi, niliingia kusoma kama mafuta yanaweza kugeuka kuwa kitu kingine.

— Na yanaweza?

— Waziri, nyamaza, alisema Mama Birika.

Lakini safari hii kikao hakikuwa kirefu. Rula aliileta kompyuta pale pale benchini, akazitaja tovuti moja moja kwa sauti, Chaji akiandika na wote wakichungulia. Zote ziliingia, na zile za majukwaa ya wagonjwa wanaotishana, ambazo ndizo zilikuwa zinammaliza zaidi. Kufuli la kufunga mtandao wote wakalikataa, kwa sababu mkandarasi hutuma vipimo. La mti wakalikataa kwa huruma. Wakachagua lile la kivinjari, la saa za kazi, wakaliunganisha na neno la siri, na vivinjari vingine Chaji akavifuta.

— Neno alishike nani? aliuliza Chaji. Mimi nimeshindwa. Akija na sababu za kihandisi nachanganyikiwa.

— Mama Pacha, alisema Rula. Zamani nisingeweza kumpa. Angeuliza ni la nini, ningeanza kudanganya. Sasa anajua ni la nini.

Mama Pacha aliitwa, akaja na pacha mmoja kila upande. Akageuza kompyuta wasione, akaandika neno lake, akaandika tena kuthibitisha.

— Na akipata jambo la kweli la afya, shemeji? aliuliza Waziri. Akiomba afunguliwe?

— Ataniambia mimi kwanza, alisema Mama Pacha. Nami nitamwambia twende kwa yule dada mwenye kalamu kichwani.

Kesho yake Rula alikaa mezani mapema. Hakuna aliyekohoa kabla ya kuingia sebuleni. Kidole, kwa mazoea yake, kilikwenda chenyewe mtandaoni. Ukajitokeza ukurasa mweupe wenye maneno machache, kwamba tovuti hii imefungwa hadi jioni. Rula aliutazama. Moyo ulimdunda kidogo, ukasubiri, ukaona hakuna kinachokuja, ukatulia. Akarudi kwenye mchoro. Kidole kilijaribu tena, na tena, lakini kuelekea mchana kilikuwa kimechoka kugonga mlango usiofunguliwa. Ngazi ikapanda kidato baada ya kidato, ikakata kona, ikapanda tena, ikafika juu. Siku aliyopewa na mkandarasi ilikuwa haijafika alipoituma.

Aliyefika ni mkandarasi mwenyewe. Alikuja hadi kijiweni alasiri moja, buti zina vumbi la saruji, michoro imekunjwa kwapani, akamvamia Rula kwa maneno bila hata kusalimia benchi.

— Ngazi nimeiona, nzuri. Lakini hili dirisha hapa ngazi inapokata kona, mbona umelipandisha juu hivi? Mwanga utaingiaje?

— Nimelipandisha kwa makusudi, alisema Rula. Ni bweni la watoto. Ukilishusha watalikalia.

— Watoto hawakai dirishani.

— Wewe ulikuwa mtoto wa wapi?

Waziri na Chaji walitazamana. Hawakuwahi kumsikia Rula akipandisha sauti. Alikuwa amesimama, mrefu kama mlingoti, anabishana na mkandarasi pua kwa pua, na ilionekana wazi kwamba anafurahia kila neno. Mkandarasi akasema dirisha lishuke. Rula akasema halishuki, ila ataongeza upana. Akachovya kidole kwenye kahawa yake, akainama, akaanza kuchora ngazi juu ya ubao wa benchi, kati ya Hukumu na Chaji, ambao walisogea kumpisha.

Mama Birika akaitikisa birika, akasikiliza, akaiinamisha juu ya kikombe cha mgeni. Likatoka tone moja.

— Kahawa imekwisha, alisema.

Hakuna aliyenyanyuka.

— Tazama hapa, Rula alikuwa anamwambia mkandarasi, kidole kinasonga. Mtoto anapanda hivi. Jua linamjia hivi.